Ekzosi moja au mbili kwenye pikapu ya dizeli yenye turbo: mwongozo kamili, kuanzia turbo hadi mdomo wa bomba

Injini ikiwa imepoa kabisa, ingiza kidole kwenye midomo miwili ya ekzosi ya pikapu ya dizeli iliyofungwa mabomba mawili. Aghalabu kidole kimoja kitatoka cheusi tii kwa masizi makavu, na kingine kitatoka na utope wa kijivu wenye majimaji. Kwenye pikapu yangu ya kwanza niliyoifunga mabomba mawili, mweusi ulikuwa upande wa kulia. Bomba la kushoto lililazimika kuzunguka tairi la akiba, likawa refu zaidi na lenye kona mbili za ziada, na moshi kama maji hupita penye njia rahisi. Likawa linapata moshi kidogo, halipati joto la kukausha mvuke, na kila usiku linalala na maji ndani. Lilitoboka kwa kutu wakati la kulia bado zima. Nguvu ya gari je? Sikuona hata chembe ya nyongeza.

Tangu hapo nimelala chini ya pikapu nyingi, zangu na za wenzangu, na jibu langu limebaki lile lile: kwa turbo moja, bomba moja lenye kipenyo sahihi. Lakini kuna hali mbili tatu ambapo mabomba mawili yana haki yake, na kuna wanaoyataka kwa sababu yanapendeza, jambo ambalo si dhambi mradi ujue unanunua nini. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Watu wengi huanzia hatua ya mwisho, yaani kwa kuchagua midomo inayong'aa, kisha wanarudi nyuma kutafuta sababu.

Hatua ya 1: Hesabu matundu ya kutokea moshi kwenye turbo

Swali la moja au mbili limetoka kwenye magari ya petroli. V8 ya petroli isiyo na turbo, yaani injini yenye silinda 8 katika safu mbili zenye umbo la V, ina manifodi (bomba linalokusanya moshi wa silinda) kila upande, na kila upande una moshi wake. Kuupa kila upande bomba lake ni jambo la kawaida, na mabomba hayo yakiunganishwa kwa kiungo cha umbo la H au X, mapigo ya moshi ya upande mmoja husaidia kuvuta ya mwenzake.

Dizeli yenye turbo moja haina habari hiyo. Silinda zote, ziwe 4, 5, 6 au 8, humimina moshi wake ndani ya turbo, kifaa ambacho feni yake huzungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Feni inauchukulia nguvu, kisha unatoka kupitia tundu moja. Ukiugawa baada ya hapo umegawa mto ambao tayari umeshakuwa mmoja.

Mifano ni rahisi. Toyota Hilux ya lita 2.8 na Isuzu D-Max ya lita 3.0 zina silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja na turbo moja: tundu moja. Cummins za lita 5.9 na 6.7 zilizofungwa kwenye pikapu za Ram zina silinda 6 mstari mmoja: tundu moja. Duramax ya lita 6.6 ni V8, lakini mabomba mafupi kutoka pande zote mbili hukutana kwenye turbo: tundu moja tena. Inayowachanganya wengi ni V8 ya lita 4.5 ya Land Cruiser. Ile iliyofungwa kwenye pikapu ya 79 ina turbo moja; ndugu yake wa kwenye Land Cruiser 200 ana turbo mbili, kila upande yake. Injini ya aina hiyo ya pili ndiyo yenye mito miwili ya kweli.

Usidanganywe na neno bi-turbo pia. Ford Ranger ya lita 2.0 ya aina hiyo ina turbo mbili zilizofungwa kwa kufuatana: ndogo kwa mwendo wa chini, kubwa inapokea kazi mwendo ukipanda, na moshi wote unatokea sehemu moja mwishoni. Kwa ekzosi, ihesabu kama turbo moja.

Kwa hiyo chukua tochi, fungua boneti, fuata moshi kutoka kwenye manifodi hadi uone unakotokea baada ya turbo. Ukiona tundu moja, hoja ya nguvu ya mabomba mawili imeshapungua sana hata kabla hujashika spana.

Hadithi ya "injini inahitaji presha ya nyuma"

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo pesa nyingi hupotelea. Utamsikia fundi akisema bomba likiwa pana mno gari litapoteza nguvu ya kuvuta, kwa sababu injini inahitaji presha ya nyuma, yaani ile ya moshi unaobanwa wakati wa kutoka. Kwenye petroli isiyo na turbo kuna punje ya ukweli iliyofichika humo: kinachosaidia ni kasi ya moshi na mapigo yake, na bomba pana kupita kiasi huiua kasi hiyo. Presha yenyewe haijawahi kumsaidia mtu.

Kwenye turbo, mambo yamepinduka. Feni ya upande wa moshi inazungushwa na tofauti ya presha kati ya mbele yake na nyuma yake. Chukua mfano: mbele ya feni kuna kilopaskali 250, ukihesabu pamoja na presha ya anga, na nyuma yake kuna 115 kwa sababu bomba limebana. Uwiano ni 2.17. Ukiifungua njia ya nyuma hadi 105, mbele pakibaki vile vile, uwiano unapanda hadi 2.38. Feni inapata kazi zaidi kutoka kwenye moshi ule ule, turbo inaamka mapema, na injini haisukumi moshi kwa taabu. Kwa hiyo nyuma ya turbo unachotaka ni presha ndogo kadiri inavyowezekana. Lakini hakuna mahali turbo inapouliza moshi umetokea kwenye midomo mingapi. Inahisi ukinzani wa njia nzima tu.

Na ukinzani mkubwa kwa kawaida hauko mwishoni. Uko kwenye lile bomba fupi linaloshuka kutoka turbo, ambalo kiwandani hubanwa na kukunjwa ili lipite kati ya ukuta wa kabini na giaboksi. Nimeona gari lenye midomo miwili ya inchi 4 nyuma, na bomba la kushukia lililobanwa hadi kipenyo cha chupa ya soda. Ni sawa na kumfungulia mtu mlango mpana wa uani huku umemkaba koo.

Hatua ya 2: Angalia vifaa vya kusafisha moshi

Kama pikapu yako ina kichujio cha masizi, mfumo wa urea (kimiminika kinachonyunyiziwa kwenye moshi ili kuusafisha), au vyote viwili, hatua hii inaamua karibu kila kitu. Marekani, pikapu kubwa za dizeli zilianza kuja na vichujio hivyo kuanzia matoleo ya 2007, na kiwango cha usafi wa moshi cha Euro 5 ndicho kilichovifanya kuwa kawaida kwenye dizeli za Ulaya. Kuviondoa ni kosa la kisheria Marekani na katika nchi za Umoja wa Ulaya. Popote ulipo, soma sheria ya kwenu kwanza. Siandiki hapa namna ya kuving'oa.

Jambo la kiufundi ni hili: vifaa hivyo vyenyewe ndivyo vinavyobana kuliko bomba lolote. Ukibadilisha kilicho nyuma yake tu, moja au mbili, nyembamba au pana, utabadilisha sauti na sura. Usitegemee nguvu. Hapo mabomba mawili hayakupunguzii kitu na hayakuongezei kitu, na unaweza kuchagua kwa macho.

Ila chunga joto. Kichujio kinapojisafisha, ndani yake hufika nyuzi joto 600 hivi, na moshi unaotoka nyuma ni moto kuliko ulivyozoea. Ndiyo maana pikapu nyingi za namna hii hutoka kiwandani na mdomo wenye matundu ya pembeni, au ulioachiwa upenyo wa kuvuta hewa ya nje ili upoze moshi kabla haujafika hewani. Ukiukata mdomo huo na kuchomelea wa urembo, umeondoa kipoozeo. Ukielekeza mdomo mpya kwenye bampa la plastiki, utaliona likianza kulegea kama mshumaa.

Usiguse pia vibomba viwili vyembamba vya sensa ya presha vinavyotoka mbele na nyuma ya kichujio, wala kuhamisha sensa za joto. Kompyuta ya injini inazisoma hizo ili kujua lini isafishe.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kununua

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo rahisi kuliko zote. Kwanza tembea chini ya gari na nyundo ya mpira. Gonga sailensa: ikilia kama debe lenye mawe, kuta za ndani zimekatika na huenda zimeziba njia. Tafuta sehemu zilizobonyea kwa kugonga jiwe. Pikapu yenye bomba lililobonyea haihitaji ekzosi mbili, inahitaji kipande kimoja kipya.

Kisha pima presha. Sentimita 15 au 20 baada ya turbo, chomelea nati ndogo kwenye bomba, toboa katikati yake, funga kibomba chembamba cha chuma chenye urefu wa nusu mita ili joto lipungue njiani, halafu unganisha mpira hadi kwenye geji ya kilopaskali 0 hadi 100 uliyoiweka kabini. Pandisha mlima gari likiwa na mzigo, gia ya tatu, mguu hadi chini, na mtu mwingine asome geji. Dereva asome barabara.

Kwa gari lisilo na kichujio cha masizi, kanuni yangu ni hii: chini ya kilopaskali 10, acha ekzosi yako ilivyo na utumie pesa kwa kitu kingine. Kati ya 10 na 20, bomba pana zaidi litaleta tofauti utakayoihisi kidogo. Zaidi ya 20, kuna mahali pamebana sana, na kazi yako ni kupatafuta kabla ya kununua chochote. Gari lenye kichujio litasoma juu zaidi, na litabadilika kadiri masizi yanavyojaa, kwa hiyo usilipime kwa kanuni hii.

Ukimaliza, ziba nati kwa bolti. Utaihitaji tena.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kipenyo

Eneo la duara ni kipenyo mara kipenyo mara 0.785. Kwa kuwa mabomba huuzwa kwa inchi, nitatumia inchi:

- Moja la 3: inchi za mraba 7.1
- Moja la 3.5: inchi za mraba 9.6
- Mawili ya 2.5: inchi za mraba 9.8
- Moja la 4: inchi za mraba 12.6
- Mawili ya 3: inchi za mraba 14.1
- Moja la 5: inchi za mraba 19.6

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Mabomba mawili ya inchi 2.5 ni kama bomba moja la 3.5, basi. Na hapo sijahesabu msuguano. Moshi husuguana na kuta, na mzingo wa mabomba mawili ya 2.5 ukijumlishwa ni inchi 15.7, wakati wa lile moja ni 11. Kuta zimeongezeka zaidi ya asilimia 40 kwa njia yenye upana ule ule. Kuta nyingi maana yake ni msuguano zaidi, joto kupotea haraka, na chuma kizito zaidi. Bomba la inchi 4 lenye unene wa milimita 1.65 lina uzito wa kilo 4 hivi kwa mita. Mawili ya inchi 3 ya unene huo ni kilo 6.

Sasa, kipenyo gani kinatosha? Chukua injini ya lita 2.8 ikizunguka mara 3,400 kwa dakika huku turbo ikisukuma vizuri. Kwa hesabu ya makadirio inameza kama kilo 9.6 za hewa kwa dakika. Hewa hiyo ikitoka ikiwa na nyuzi joto 450, itapita kwenye bomba la inchi 2.5 kwa mita 117 kila sekunde, kwenye la inchi 3 kwa mita 79, na kwenye la inchi 4 kwa mita 43. Ukinzani hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka 2.5 kwenda 3 unaokoa zaidi ya nusu ya presha ya nyuma. Kutoka 3 kwenda 4 unaokoa pia, lakini unaokoa kutoka kwenye kiasi ambacho tayari ni kidogo, na unalipa kwa nafasi, uzito na kelele.

Kwa hiyo mimi hufunga hivi. Silinda 4 au 5 za lita 2.4 hadi 3.2: inchi 3, moja. V8 au silinda 6 za lita 4.5 hadi 6.7 ambazo hazijaongezewa mafuta kupita kiasi: inchi 4, moja. Inchi 5 ni ya mtu aliyebadilisha turbo na sindano za mafuta, au anayependa ngurumo.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Nguvu ya dizeli hutoka kwenye mafuta. Bomba haliongezi mafuta, linafungua njia tu. Kwenye injini za kisasa zenye turbo ya mabawa yanayojifungua na kujifunga, kompyuta ina kiwango cha presha ya hewa inachokitaka, na ukipunguza ukinzani nyuma, itafungua mabawa ili ibaki pale pale. Unachovuna ni moshi usio moto sana, turbo inayoamka mapema kidogo, na injini isiyohema. Kwenye turbo za zamani zenye mlango wa kupunguzia presha, angalia upande wa pili: njia ikifunguka sana presha inaweza kupanda kupita ilivyopangwa, kwa hiyo isome geji baada ya kufunga.

Hatua ya 5: Lala chini ya gari na futi mkononi

Karatasi imemaliza kazi yake. Sasa angalia nafasi, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayoamua.

Upande mmoja wa pikapu una tangi la mafuta. Bomba la pili litapita wapi? Nyuma kuna tairi la akiba, springi, shokapu, mabomba ya breki, nyaya za taa, na kwa wanaovuta tela kuna fremu ya ndoano. Kila kimoja kinataka umbali wake. Mimi huacha angalau milimita 50 kutoka kwa kitu chochote cha mpira, plastiki au mafuta, na pale pasipowezekana naweka bati la kukinga joto. Tairi la akiba husahaulika. Mpira wake unaweza kuungua polepole upande wa juu usipouona, hadi siku unayolihitaji.

Kisha ekseli. Gari likiwa limesimama tupu, pima pengo kati ya ekseli na mpira wa kuzuia unaogongana nayo mzigo ukizidi. Tuseme ni milimita 90. Hiyo ndiyo safari ambayo ekseli inaweza kupanda, na mpira wenyewe hubonyea kidogo zaidi. Bomba linalopita juu ya ekseli lazima liwe na nafasi ya milimita 90, zile za kubonyea, na akiba yako. Ukifunga mabomba mawili juu ya ekseli, unalitafuta pengo hilo mara mbili, upande wa pili ukiwa na vitu vingi kuliko wa kwanza.

Na hapa ndipo mabomba mawili yanapopata hoja ya haki. Kuna chesisi ambazo bomba la inchi 4 halipiti juu ya ekseli hata umbembeleze nani, lakini mawili ya inchi 3 yanapita, moja kila upande, na kwa jumla yanabeba zaidi. Mtu akiniambia hivyo sibishani naye.

Mwisho wa bomba nao una maneno. Lazima mdomo uvuke ukingo wa bodi. Ukiishia ndani, moshi unanaswa na hewa inayozunguka nyuma ya gari na kurudi kabini kupitia dirisha la nyuma. Unayevuta tela, mdomo wa upande, nyuma ya gurudumu la nyuma, utakuepusha kuipaka tela masizi. Midomo miwili inayotazama nyuma moja kwa moja itaipaka rangi upande wote wa mbele.

Mabomba ya wima kwenye bodi ya mizigo nayataja tu: yanakula nafasi ya mzigo, yanakusanya maji ya mvua, na sauti iko nyuma ya sikio lako. Kuna wayapendao.

Hatua ya 6: Kata shauri

Bomba moja, kama turbo ni moja na nafasi ipo. Hilo ni jibu la pikapu tisa kati ya kumi ninazoziona.

Mabomba mawili kutoka mbele hadi nyuma, kama kila upande wa V una turbo yake. Kila moja lipewe kipenyo kinachofaa moshi wa nusu ya injini.

Bomba moja linalogawanyika, kama unataka sura au nafasi inakulazimisha. Ligawe nyuma kabisa iwezekanavyo, baada ya sailensa, ili sehemu ndefu ibaki moja. Kiungo kiwe cha umbo la Y chenye pembe finyu. Cha umbo la T kinaugongesha moshi ukutani. Na matawi mawili yawe na urefu na idadi ya kona zinazokaribiana, vinginevyo utarudi kwenye kidole changu cha utope wa kijivu. Toboa tundu dogo la milimita 3 mahali palipo chini kabisa kwenye kila tawi, maji yatoke.

Ukigawa la inchi 3, matawi ya inchi 2.5 yanatosha na kubaki. Kugawa la inchi 3 kwa matawi ya inchi 4 ni mapambo matupu, na moshi utakuwa mvivu na baridi humo ndani.

Hatua ya 7: Chuma

Chuma cha kawaida ni rahisi na kinachomelewa na fundi yeyote, lakini kutu inakipenda. Kilichopakwa alumini kinadumu zaidi, ila kila ulipochomelea mipako imeungua, kwa hiyo pakaa rangi ya kustahimili joto. Chuma kisichoshika kutu huuzwa kwa madaraja: 409 hubadilika rangi na kushika kutu ya juu juu, 304 ni bora zaidi. Nenda na sumaku. 409 inanasa, 304 kwa kawaida hainasi. Nimewahi kuuziwa ya kwanza kwa jina la pili.

Hatua ya 8: Kufunga

Usichomelee kitu hadi kila kipande kiwe mahali pake. Anzia mbele, kwenye turbo, ukishika kila kiungo kwa klampu iliyolegea, hadi mdomo wa mwisho. Kisha simama nyuma utazame kama midomo iko sawa na bampa. Hapo ndipo unapokaza, ukianzia mbele tena.

Injini hutikisika na chesisi hukaa, kwa hiyo baada ya bomba la kushukia lazima kuwe na kipande laini cha kunyumbulika. Bila hicho, ufa utatokea kwenye flanji ya turbo au kwenye manifodi yenyewe. Kama unagawa kwa Y, kipande hicho kitangulie mgawanyiko.

Bomba likipata moto hurefuka. Mita 4 za chuma cha kawaida zikipanda kwa nyuzi joto 300 hurefuka milimita 14 hivi. Za 304 hukaribia 20. Ndiyo maana ekzosi huning'inizwa kwa mipira. Niliwahi kukuta bomba limeshikwa kwa bolti tatu ngumu kwenye chesisi, "lisipige kelele" alivyosema mwenyewe. Lilikuwa limejikunja katikati kama upinde na kukata kichomeleo cha sailensa. Weka mipira miwili kwa kila tawi, karibu na kona, na uiweke ikiwa imeegemea mbele kidogo wakati wa baridi ili isimame wima ikiwa moto.

Kabla ya kuchomelea kwenye gari, ondoa waya hasi wa betri, na ufunge klampu ya arthi ya mashine kwenye bomba lenyewe, sentimita chache kutoka unapochomelea. Ukiifunga kwenye injini, umeme unaweza kupita kwenye beringi za turbo ukitafuta njia. Karibu na tangi la mafuta usichomelee kabisa: weka alama, shusha kipande, kichomelee chini, kirudishe. Cheche na mabaki ya chuma yasiingie kwenye bomba linaloelekea turbo; ziba tundu la turbo kwa kitambaa kisicho na nyuzi, na uandike kwenye boneti kwa chaki kwamba kipo. Kitambaa kilichosahaulika humo hakisameheki.

Gasketi ya turbo iwe mpya. Bolti zake zipake mafuta ya kuzuia kunata, yale ya kustahimili joto.

Hatua ya 9: Washa, sikiliza, pima tena

Washa injini ikiwa baridi, mtu azibe mdomo kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache (miwili yote kama ni miwili), nawe upake maji ya sabuni kwenye viungo. Povu litakuonyesha panapovuja. Kama ni bomba moja linalogawanyika, baada ya safari fupi weka kiganja karibu na kila mdomo, bila kuugusa. Msukumo ukitofautiana waziwazi, tawi moja limelala.

Rudia mlima ule ule, mzigo ule ule, geji ile ile kwenye nati uliyoiziba. Kama una kipima joto la moshi kabla ya turbo, andika na hicho. Kwenye dizeli nyingi, kukaa juu ya nyuzi 700 kwa muda mrefu ni kuitafutia injini maradhi.

Kuhusu mngurumo unaojaa kabini barabarani: silinda 4 kwenye mizunguko 2,000 hutoa mapigo kama 67 kwa sekunde, na V8 hutoa 133. Mafundi wengine hufunga bomba la pembeni lililozibwa mwisho ili kumeza mtetemo huo. Kwa V8 bomba hilo linahitaji urefu wa karibu mita 0.9, na linapata pa kulala. Kwa silinda 4 linahitaji karibu mita 1.8, na chini ya pikapu hakuna nafasi hiyo, hasa ukiwa umeshaijaza bomba la pili. Rudisha sailensa. Ya kupita moja kwa moja, yenye ukuta wa matundu na pamba ya kioo, inabana kidogo mno kiasi kwamba geji yako haitaiona kwa urahisi.

Baada ya kilomita 500, gari likiwa baridi, kaza klampu zote tena. Ya kwanza baada ya kipande cha kunyumbulika ndiyo hulegea mapema. Ukiwa chini hapo, tazama juu ya tairi la akiba.